Wa Saba Kwenye Mteremko

Kotlas, 9 Januari 1984

Mwanangu Rimma,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. U hali gani? Na kile kikohozi ulichokitaja kwenye kadi ya mwaka mpya, kimekwisha? Mimi mzima, ukiondoa mgongo, na mgongo wenyewe ni wa miaka thelathini ya kuendesha garimoshi, sina wa kumlaumu. Jirani yetu Faina anakusalimu. Kaniletea ndoo nzima ya kabichi ya chumvi, sijui anadhani nina tumbo la farasi.

Sasa kama umesimama, kaa chini. Nakuja Leningradi.

Reli bado inatupa tiketi ya bure moja kwa mwaka, na siku zote aliyeitumia ni mama yako. Unajua nilichosema alipokupeleka kwenye shule ile ya dansi ya baleti huko ukiwa na miaka kumi: kwamba mimi sipandi treni siku nzima kwenda kumtazama mtoto akirusha miguu. Nilisema kwa hasira. Kisha nikaona aibu kuyarudisha maneno yangu, na aibu ikageuka mazoea. Mama yako alikuwa akirudi kutoka huko ananisimulia ulivyocheza, nami najitia kusoma gazeti. Sikupitwa na neno hata moja. Tangu tumzike ni miaka miwili, na hakuna tena wa kunisimulia. Ndiyo maana nakuja mwenyewe.

Nitafutie kiti onyesho la mchana, Jumapili ya tarehe kumi na tisa Februari. Popote pale. Na uniambie nitakujuaje, maana mama yako Klavdia alisema mko wengi na wote mmevaa nyeupe.

Baba yako


Leningradi, 21 Januari 1984

Baba mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima na kwa furaha. Kikohozi kimekwisha. Mgongo wako je, unaukanda na ile dawa niliyokutumia, au umeiweka kabatini kama ile ya mwaka juzi? Msalimie Faina.

Barua yako niliisoma ndani ya tramu mara tatu, nikapitiliza kituo changu.

Kiti nimepata, roshani ya juu kabisa. Njoo na viatu vya ndani ubadilishe, usije ukapanda ngazi zile na mabuti ya theluji, watakutoa. Kodi darubini pale unapoacha koti, maana aliyekodi darubini hapangi foleni wakati wa kutoka.

Kuhusu kunijua, ngoja nicheke kwanza. Katika tendo la tatu mizimu ishirini na minne, yaani sisi wachezaji, inashuka mteremko, mmoja baada ya mwingine, hatua ileile, mguu uleule, kichwa kimeinama vilevile. Ada Yulyevna anayetufundisha husema, "Nikimtambua hata mmoja wenu, huyo kaharibu kazi." Kazi yetu ni kutojulikana, Baba. Ukinitambua kwa sura, ujue nitakaripiwa! Kwa hiyo hesabu tu. Nafasi yangu ni ya saba.

Onyesho likiisha, tuonane chumba cha makoti, kwenye kioo.

Mwanao, Rimma


Kotlas, 23 Februari 1984

Rimma mwanangu,

Nimefika salama. Mgongo umelalamika, mimi sijalalamika. Miguu yako imepumzika?

Pale kwenye kioo sikuweza kusema lolote la maana. Nilirudia "nimekuona, nimekuona" kama kasuku, nikakimbilia treni. Sasa nina kalamu na meza, acha niseme.

Kwanza maua. Mama anayepokea tiketi mlangoni aliyatazama, akanitazama na mimi. "Babu, hebu yahesabu." Nikayahesabu. Sita. "Unampelekea mzima au marehemu?" Rimma, nilitamani ardhi ipasuke! Shufwa kwa wafu, witiri kwa walio hai, hilo hata mtoto analijua. Lakini miaka miwili hii sijanunua maua ila ya kaburi la mama yako, na mkono ukachukua sita wenyewe. Nikachomoa moja nikampa yule mama. "Haya makubwa," akasema, "miaka yote hii mlangoni, leo ndiyo nimepewa ua." Akalichomeka kwenye sare yake. Basi ndiyo sababu uliyapata matano.

Kulia kwangu alikaa bibi mmoja mwenye pipi za karatasi zinazochakarisha. Nikamnong'oneza kwamba wa saba ni wangu. "Shhh!" akasema. Baada ya muda akaniinamia: "Wa saba kuanzia yule wa kwanza kushuka?" Nikamwambia ndiyo. Naye akaanza kuhesabu.

Mkaanza kushuka. Hatua, kuinama, mguu nyuma, kusimama. Hatua tena. Nimevuta mabehewa sitini kwa mpigo, najua ugumu wa kitu kufuata kitu bila kusukumana, na sijaona mfuatano kama ule. Ulipotokea wewe niliacha kupumua. Shingo ya mama yako, ileile! Mara moja uliyumba, umesimama kwa mguu mmoja, ukajizuia. Nadhani hakuna aliyeona ila mimi. Nikalia, mzee mzima, yule bibi akanipa pipi.

Nilikuwa mjinga, mwanangu. Unisamehe miaka yote ile. Karakana nzima nimeisimulia, sasa wakiniona wanauliza, "Mchezaji wetu hajambo?" Nitakuja tena mwakani, na kila mwaka, mpaka magurudumu yagome.

Baba yako


Kotlas, 20 Machi 1984

Rimma,

Salamu. Mimi mzima. Wewe je?

Mbona kimya? Sanduku la barua nalifungua mara mbili kwa siku, Faina anasema nitaling'oa ukutani. Au kule kuyumba kumekuletea matatizo? Kama niliandika neno baya, nisamehe, mimi ni mtu wa reli, si mtu wa maneno. Andika hata mstari mmoja. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu na redio yake.

Baba yako


Leningradi, 3 Aprili 1984

Baba yangu,

Nakuamkia, na natumaini mgongo umekupa nafuu. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaitupa.

Wa saba hakuwa mimi.

Goti langu lilichanika Oktoba, mazoezini. Daktari hakuzunguka, aliniambia siku ileile kwamba sitacheza tena. Sasa nimepewa kazi ya kushona na kupiga pasi sketi za wenzangu, chumba cha chini, chini ya jukwaa. Juu nasikia miguu yao. Uliyemwona ni Taisiya, ana miaka kumi na tisa, na ni kweli ana shingo nzuri. Ndiye aliyeyumba, na Ada Yulyevna aliona.

Januari nilipopata barua yako nilikaa nikaandika ukweli, nikaichana karatasi. Miaka kumi na saba nilingoja useme "nakuja". Nikaogopa: nikimwambia sichezi, atakuja kufanya nini? Nikajiambia nitakueleza tukionana ana kwa ana.

Siku ile niliomba ruhusa, nikapanda roshani. Nilikaa safu mbili nyuma yako. Nilikuona ukihesabu kwa vidole. Ulikuwa umenyoa nywele karibuni, kuna mstari mweupe kisogoni pale nywele zilipokuwa zimefunika. Jukwaa sikulitazama kabisa, nilitazama kisogo chako. Ulipomfikia wa saba mabega yako yakatikisika, nikasema moyoni, anampenda. Anampenda yule. Taisiya alipochukua nafasi yangu sikumwonea wivu, Baba, naapa. Siku hiyo ndipo nilipomwonea.

Halafu ukaja pale kwenye kioo, umenyoosha mikono, "nimekuona, nimekuona," nami nikapokea maua ya mtu mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, mama alikuwa akisema hivyo. Barua yako ilipofika na yale yote uliyoandika, nilishindwa kuibeba.

Maua nilimpa Taisiya, aliyastahili. "Nani kaleta?" akauliza. Nikamwambia, "Baba mmoja." "Baba wa nani?" Nikarudi kwenye pasi yangu.

Sijui sasa mimi ni nani kwako. Hapa majirani wa korido bado wanadhani nacheza. Siku nyingine nikitoka kazini sijazungumza na mtu tangu asubuhi, isipokuwa kusema "geuka" na "inua mkono" nikipima nguo. Nina upweke, Baba, nimechoka kuuficha. Usipoandika nitaelewa.

Mwanao, Rimma


Kotlas, 12 Mei 1984

Rimma mwanangu,

Salamu. Mgongo hauna jipya. Goti lina hali gani? Unaweza kupanda ngazi bila kushika ukuta? Hayo ningeuliza tangu Oktoba, ningejua.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Nilikasirika, sitakuficha. Nilikwenda karakana, wakauliza habari za mchezaji wetu, nikageuza njia nikarudi nyumbani. Nimekuandikia barua mbili, zote nimezitia motoni. Katika ile ya kwanza nilikuita mwongo. Katika ya pili nilikusamehe, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nani kaniweka kwenye kiti cha kukusamehe wewe, mimi niliyegoma miaka kumi na saba kwa neno moja la kijinga?

Faina nilimwambia yote. Akanisikiliza, akasema, "Arkasha, mtoto kaumia goti na wewe umeumia jina." Nikamfukuza. Kesho yake nikaenda kumwomba radhi.

Juzi navua viatu, nikatambua ni kitu gani hasa kinaniuma. Si Taisiya. Acheze, Mungu ampe magoti mazuri. Wala si uongo wako, mimi mwenyewe nimeongopa na gazeti mkononi miaka nenda rudi. Ni zile safu mbili, Rimma. Kushoto kwangu kulikuwa na kiti kitupu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Walipoanza kushuka nilikitazama, nikawaza, Klavdia angekaa hapa. Nilijiona niko peke yangu kuliko watu wote mle ndani. Na wewe uko nyuma yangu, nikinyoosha mkono karibu nikuguse, nawe unajiona uko peke yako, nami nimekazana kumtazama mtoto wa watu.

Uliuliza, nikisikia huchezi nitakuja kufanya nini. Ningekuja kukaa na wewe. Lakini ungelijuaje hilo? Sikuwahi kukuambia. Nakuambia leo.

Tiketi ya bure ya mwaka huu imekwisha, kwa hiyo nimenunua, ninayo hapa mezani. Nafika Jumamosi tarehe mbili Juni, saa nne asubuhi, behewa la tisa. Usije kunipokea kama goti linauma, nitafika mwenyewe. Wewe tafuta viti viwili vilivyopakana, onyesho lolote, na acheze yeyote. Utanieleza kwa sauti ya chini nani kapatia na nani kakosea, maana wewe unajua na mimi sijui kitu.

Na usikae nyuma yangu tena, mwanangu. Naumia.

Baba yako