Kashata ya Pembeni

Wifi Mwanne,

Kashata za arobaini ya mama yako ziko kwenye sinia, nimezifunika kwa kawa. Maji nimeteka. ~~Kateni zote mle.~~ Kateni, ila ya pembeni msiiguse.

Asubuhi nilimwaga sukari ingali inachemka, nikageuka kutua sufuria. Kutazama tena, pembeni pana alama ya dole gumba, vile vile marehemu alivyokuwa akimwekea Zena fungu lake. Nyumbani tulikuwa wawili tu, naye Zena nimembeba mgongoni. Akacheka, akasema, “Bibi ananiita.”

Usinicheke, wifi yangu. Nampeleka kwa mama yangu, kijijini Dutumi. Marehemu bibi yake akirudi, aikute kashata, asimkute mwanangu.

Wifi yako,
Mama Zena