Sahani ya Kombe Mnadani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na ile miguu iliyokuwa ikivimba, imepungua? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila naandika mbio kwa furaha, basi mwandiko ukiwa mbaya unisamehe, na atakayekusomea asome polepole, asiruke.

Mama, ile sahani ya kombe nimeiuza!

Usishtuke. Mwenyewe ulinipa siku naondoka, kiwanda nilichofanyia kazi kimefungwa na mimi sina mbele wala nyuma, ukasema: "Ukikwama, iuze." Tangu Baba afariki nimekwama kweli. Kazi ya kufagia inanipa chakula na kodi ya chumba, nauli ya kuja huko haipatikani.

Sasa huku Uingereza kuna mnada wa kwenye kompyuta. Watu hawaonani, unaweka picha, kila mtu kwao alipo anataja bei, mpaka siku zitimie. Nikaweka sahani yetu, nikajigamba: ya kale hii, ilikuja na merikebu za Wachina, kama Ba'mdogo Mbwana anavyoapa kila Idi. Loo! Wazungu wakaigombania! Kazini hata fagio silioni kwa kuwaza bei.

Mmoja akauliza, chini ina alama gani? Nikaisugua kwa limau, maana chini kote ilishika masizi ya ubani. Masizi yakatoka, maandishi yakajitokeza: imetengenezwa Japani!

Nilitaka kunyamaza. Nani angejua? Lakini sahani watu waliyonywea maneno ya Mungu, niiuze kwa uongo? Moyo ulikataa. Nikaandika chini ya picha: si ya kale, ni ya Kijapani, Maalim huandika aya juu yake kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Nyumba yetu nzima imeinywea. Wazungu wote wakajitoa. Nikajua basi, safari imekufa.

Kesho yake, Mama, akaingia bibi mmoja wa Kipemba yuko Kanada. Kaniandikia kwa Kiswahili: "Kaka, wallahi usimpe mtu. Tangu mama'angu afe sijaiona sahani ya kombe." Hajatulia, akazuka mzee mzaliwa wa kijiji cha Kigombe, yuko Maskati, naye anaitaka! Wakashindana hao, huyu akitaja yule anapandisha, nusura niwaambie jamani tosheni. Bibi wa Kipemba hakukubali kushindwa. Kaipata yeye, na tikiti ninayo mfukoni!

Nisalimie dada Mwanaisha na mumewe fundi baiskeli, na jirani yetu muuza mikate ya mofa. Ba'mdogo mwambie taratibu habari ya Japani, asije akanuna mpaka nifike.

Naja kabla ya mfungo, Mama. Sitaki sherehe wala kupokewa stendi. Siku ya kwanza nishike mkono unipeleke kwa Baba, maana kaburi lake silijui.

Ni mimi mwanao,
Salimu