Blanketi na Koti la Kochkor

Mpendwa Baba,

Mama alisema jana, tukiwa jikoni hapa Kitengela, kwamba safari yako ya Kirgizia itaendelea bila wewe, na kwamba mji wa Kochkor hautaondolewa kwenye njia. Nilimwomba arudie ili niwe na uhakika. Akarudia.

Uliipanga safari hiyo kila Jumapili baada ya ibada, mwaka wako wa mwisho. Ramani uliichapisha kwenye saiba ya intaneti, vipande vipande, ukaviunganisha kwa selotepu. Tungekodi gari lenye vitanda na jiko ndani kule Bishkek, ulikosomea udaktari wa mifugo mji huo ukiwa bado unaitwa Frunze, enzi za Usovieti, kisha tupande milima sisi watatu. Ulilichora gari uani kwa chokaa, ukatuambia tulale ndani tuone kama tutatoshea. Mimi nililala. Mama alikataa.

"Nilale kwa mchanga wapangaji wakiniangalia? Pima na kamba."

Jambo moja lilinitia shaka mapema. Ziwa Song-Kul ulikuwa tayari kuliacha. Mji wa Naryn pia, theluji ikizidi. Kochkor hukutaka iguswe. Nilipouliza kuna nini huko, ulisema ulipanga chumba kwa mama mmoja na mzee wake, chuo kilipokupeleka huko kwa mazoezi ya kazi.

"Walikuwa na watoto?"

"Uko na maswali mingi kama askari wa trafiki."

Halafu ukarudi kutoka Kajiado mjini na blanketi zito la maua na koti refu la kiume, ukaviweka juu ya mizigo ya safari. Kwetu Bungoma kila mtu anajua vitu hivyo viwili hupelekwa wapi pamoja: kwa wazazi wa msichana uliyemwoa. Mama alikuwa akichambua mboga.

"Blanketi ni ya nani?"

"Ya yule mama mwenye nyumba. Kule kuna baridi."

"Na watu wa baridi wanangoja blanketi itoke Kajiado?"

Ulicheka. Yeye hakucheka.

"Na hii koti?"

"Ya mzee wake."

"Kwetu ulileta blanketi ya mama. Koti ya baba ukasema inakuja. Mpaka akazikwa nikidhani iko njiani. Kumbe ilikuwa inaenda Urusi."

Akaendelea na mboga zake.

Siku chache baadaye nilikuuliza tena, tukitoka Ewuaso Kedong ulikokwenda kuchanja ng'ombe. Ulishika usukani kwa mikono miwili, na barabara ilikuwa tupu.

"Nekesa, tukifika utashuka, utakunywa chai, utaona."

Moyo wako ulisimama kabla theluji ya huko haijayeyuka. Sikuona.

Sina ushahidi dhidi yako. Uliwahi kuniambia kwamba uliingia Kochkor na sweta moja tu. Huenda wazee hao walikufunika blanketi lao na kukuvisha koti lao, nawe ukataka kulipa wema. Maelezo hayo yanatosha. Tatizo ni kwamba nimeyatunga mimi. Wewe ulipoulizwa, ulicheka.

Jana nilimpendekezea Mama tuzunguke ziwa Issyk-Kul, njia nzuri ambayo haipiti Kochkor. Aliweka kisu chini.

"Wewe na baba yako mlikaa kwa hiyo ramani mwaka mzima. Kuna kitu unajua."

"Sijui, Mama."

"Basi mbona unanizungusha?"

Jibu lake nakuandikia wewe. Mlango wa nyumba ile ukifunguliwa na mtu mwenye paji lako la uso, mimi ndiye nitakayesimama pale nikimtazama Mama akimtazama. Katika kazi yangu ya upelelezi nimebisha hodi kwenye milango mingi ya watu na kuuliza mabaya zaidi. Huo mmoja naukwepa.

Yeye haukwepi. Wala haniamini tena kunikabidhi usukani, ingawa nyumbani mwenye leseni ni mimi peke yangu. Anasema dereva anayejua pa kukatia kona hamtaki. Kwa hiyo, katika umri wake, amejiandikisha kwenye shule ya udereva Isinya. Mwalimu wake anasema gia anazimudu, kuegesha bado.

Pumzika, Baba. Mtihani wake ni Jumatano saa tatu asubuhi, na ameniambia nisiende naye.

Binti yako,
Nekesa