Punda Wako Hupumzika Jumapili

Mji wa Kale, Mombasa
Alhamisi

Kwako ndugu yangu mkubwa Eliudi,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alitufundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata ukiwa umemkasirikia, na mimi nimekukasirikia sana. Natumaini u mzima na kwamba mgongo haukusumbui, maana najua Jumapili haubebi kitu. Sisi hapa hatujambo. Nikisema sisi nina maana ya mimi, mke wangu Salome na mtoto wetu, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Barua yako ilinifikia juzi. Niliisoma nimesimama mlangoni kwa Bi Zuhura, mjane anayetupangisha chumba cha juu, kisha nikaketi barazani nikaisoma tena nikidhani macho yamenidanganya. Ukurasa wa kwanza wote ni wa kunionya. Wewe na wazee wenzako wa kanisa mmesikia kwamba nafanya kazi bandarini siku ya Bwana, kwamba nimeikanyaga amri yake, kwamba mtu wa namna yangu hatalijua pumziko la mbinguni. Halafu nageuza ukurasa, mstari wa nne, unaniambia nimrudishe Salome kabla ya Jumamosi, kwa kuwa Jumapili unao wageni kumi na wawili wa kanisa na hakuna wa kuwapikia. Nisipomrudisha, jina la mtoto wangu litafutwa katika orodha ya watakaobatizwa. Kaka, uliisoma barua hii mwenyewe kabla ya kuibandika stempu?

Ndiyo, nafanya kazi Jumapili. Meli ikifunga gatini Jumamosi, genge letu huteremsha shehena mpaka iishe, na serangi anayetusimamia hapangi zamu kwa kutazama kalenda ya kanisa. Siku yangu ya kupumzika ni Alhamisi. Pasaka na Krismasi mwenzangu Omari hunishikia zamu, nami humshikia yake siku za Idi, na hatujawahi kugombana kwa ajili hiyo. Unayakumbuka yale mahindi ya njano ya mwaka ule wa njaa? Mlilalamika kwamba yananuka, lakini mlikula. Mengi tuliyateremsha siku ya Jumapili, vumbi la magunia limetujaa puani. Sikusikia hata mzee mmoja wa kanisa akiuliza gunia lake lilitoka melini siku gani.

Kosa ninalo, na kwa kuwa hulijui nitakuambia mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza hapa, Alhamisi nilikuwa nakwenda soko la Marikiti kubeba mizigo ya watu, matenga ya maembe na magunia ya viazi, tangu asubuhi mpaka jioni. Nilijiona hodari. Siku moja nikasinzia nimesimama ndani ya tumbo la meli, na wavu wa magunia ukashuka pale pale nilipokuwa. Omari ndiye aliyenivuta kwa ukosi wa shati. Hapo ungeniita mvunja amri ningeinamisha kichwa.

Tangu siku ile Alhamisi sigusi mzigo wa mtu. Naoga, navaa shati safi, nakwenda kukaa kwenye ukuta karibu na Ngome ya Yesu, nasali polepole, kisha nakaa tu. Mwanzoni nilijisikia kama mwizi. Siku hizi naona kwamba kukaa vile nako ni kumwamini Mungu, kwamba ataishika dunia yake hata mimi nikiwa nimeketi. Jambo hilo ungenifundisha wewe, uliyetufundisha Jumapili zote za utoto wetu. Lakini wewe ulitutajia makatazo tu: msikate kuni, msicheze mpira, msipige mluzi. Sikumbuki hata mara moja uliposema kwamba siku hiyo tulipewa ili tufurahi.

Sasa habari ya Salome. Aliteremka kwenye treni Jumanne ya wiki iliyopita, mtoto mgongoni, goti limefungwa kitambaa. Nikamuuliza goti lina nini, akasema alianguka. Nikamuuliza wapi, akasema njia ya mtoni. Siku gani? Akaanza kumfungua mtoto mgongoni. Unamjua, si mtu wa kusema watu. Ilinibidi nimbembeleze mpaka akasema ilikuwa Jumapili, safari ya tatu ya maji. Nikamuuliza punda alikuwa wapi, yule tuliyemnunua mimi na wewe kwa ajili ya maji hayo hayo. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto.

"Punda hapakiwi Jumapili," akasema. "Shemeji amekataza. Anasema amri inataka mnyama naye apumzike."

"Na maji ya wageni?"

"Si nayabeba mimi?"

Nilicheka, kaka. Nilicheka mpaka Bi Zuhura akauliza kutoka chini kuna habari gani njema. Halafu kicheko kikanikauka. Amri ile unaijua kwa moyo kuliko mimi. Inamtaja mtumishi, mwanamume na mwanamke, kabla haijafika kwa mnyama. Wewe uliwaruka wote ukaenda moja kwa moja kwa punda. Punda wako anayo siku ya Bwana, anashinda kivulini akitafuna majani, na mke wangu mwenye mtoto wa miezi saba anaishika zamu yake kwa debe kichwani.

Kisha mnatoka kanisani, mnafungua vifungo vya makoti, mnaketi mnazungumza juu ya pumziko mpaka wali uive. Salome anaamka kabla ya jogoo, ibada inampita kwa sababu ya sufuria zenu, na wageni wakiondoka wanakusifu wewe kwa ukarimu. Sitaki kulisumbua kaburi la marehemu mkeo, lakini siku hizi mbili nimejaribu kukumbuka Jumapili moja tu nilipomwona ameketi, na nimeshindwa. Alipofariki, jiko lake ulimwachia mke wangu bila hata kuniuliza. Hilo nalo sijalisahau.

Jumapili iliyopita, ndiyo, nilikuwa kazini, andika kwenye daftari lako la makosa. Nilirudi saa tisa alasiri nikamkuta Bi Zuhura ameketi kwenye ngazi, mtoto wangu amelala mapajani mwake. Akaninyooshea kidole.

"Usipande na hivyo viatu. Mkeo yuwalala."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu adhuhuri. Nimemchukua mtoto, nikamwambia apande alale, akaniuliza nani atapika. Nikamwambia chakula kiko, we lala." Akanitazama juu mpaka chini. "Leo si ndiyo siku yenu ya kupumzika? Huyu mtoto wa watu mumemfanya nini huko bara?"

Aibu niliyoiona pale ilikuwa yako, lakini nusu yake ilikuwa yangu, maana mimi ndiye niliyemwacha kwako miaka yote nikidhani yuko mahali pema. Nilivua viatu nikaketi ngazi ya chini. Alilala mpaka jua likaanza kushuka. Alipoamka aliteremka anakimbia, akiomba radhi kwa kila mtu, hata kwa paka. Ndoa yetu ina miaka minne, na ile ndiyo Jumapili ya kwanza niliyomwona mke wangu amepumzika. Alipumzishwa na mwanamke asiyekwenda kanisani.

Kuhusu ubatizo, umenipiga palipo na kidonda na ulijua. Mtoto alikuwa abatizwe kwa jina la marehemu baba, mahali pale pale alipobatiziwa baba, mama akiwa kiti cha mbele. Nimelia, sikufichi. Lakini lifuteni hilo jina. Nimekwenda kwa mchungaji wa hapa, nikamweleza zamu zangu, nikamwonyesha barua yako, na habari ya punda pia sikumficha. Alichukua daftari lake akaniuliza ni Alhamisi gani itakayonifaa.

Nimemwambia Alhamisi ya mwisho ya mwezi ujao, ili mama apate nafasi ya kuja. Usimzuie, na usimgombeze kwamba ndiye aliyemsindikiza Salome stesheni. Ni kweli alimsindikiza, na kama una neno juu ya hilo niandikie mimi. Wewe nawe ukitaka kuja, njoo. Chumba ni kidogo lakini pa kuketi patapatikana, na mwenye kukuletea maji ya kunawa nitakuwa mimi.

Jana niliporudi kutoka kazini nilimsomea Salome barua yako yote, neno kwa neno, ukurasa wa kwanza na wa pili. Nikamwambia kwamba akitaka kurudi nitampeleka mwenyewe stesheni, na akitaka kukaa atakaa, mimi simwamulii. Asubuhi hii ndipo alipojibu, na jibu lake nimeliweka mwisho, chini ya jina langu, kwa sababu ni lake.

Mwambie mama kwamba mjukuu wake ameota jino la pili na anamng'ata kila amshikaye. Msalimie shangazi anayefagia kanisa, umwambie namkumbuka kila ninapoona ufagio Jumapili. Mjomba fundi viatu mwambie vile alivyonishonea bado vinadumu, chumvi ya bandarini haijavishinda. Wageni wako kumi na wawili nao wasalimie, wasije wakadhani nina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wewe.

Mungu akuweke, na akuchoshe kidogo.

Ni mimi mdogo wako,
Zefania

Salome ameketi hapa kando yangu, ananyonyesha. Haya ni maneno yake kama alivyoyasema: Shemeji, kuni ziko nyuma ya ghala, chumvi iko kwenye kopo jekundu, na punda anaijua njia ya mtoni.