Mpango wa Mafunzo Ulioutaka

Kaka,

Salamu zimefika. Huku paa la jikoni linavuja na paka wako kazaa tena.

Eti niandike mpango wa mafunzo wa kuombea viza, nije kujifunza kuhudumia wazee kwenye kituo chako. Hivi huna haya? Nikija, mama atageuzwa na nani kitandani? Hata hilo hukuuliza!

Haya, nimeuandika. Mahali pa kazi ni chumba cha mama. Utaanza na kumgeuza asipate vidonda, halafu kumlisha asipaliwe. Somo gumu ni kumjibu kila anapokuulizia, ila ukija hilo tutalifuta. Mwalimu ni mimi, mwanafunzi ni wewe, na kurudi kwenu hakuhitaji viza.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemwachia mama