Mashine Iliyoitwa Kathure

Jumamosi, 17 Mei 2025

Zimewaka zote tatu! Kompyuta tatu ndani ya laptop moja, kila moja na mfumo wake wa Linux, kila moja ikidhani iko peke yake duniani. Feni ililia kama kinu cha posho, kisha ikatulia.

Laptop si yangu. Ni ya kwa Baba Mkubwa, na mwenye kuitumia ni binamu yangu Kithaka. Makubaliano ni haya: kila Jumamosi namfundisha kemia, naye ananiachia laptop mpaka jioni. Tuko kidato cha tatu pamoja. Yeye huongea, mimi husoma. Imekuwa hivyo tangu nasari.

Kitabu ninachojifunzia kinasema kila kompyuta ya aina hii, yaani seva, ipewe jina. Mfano wao ni seva-1, seva-2. Kama mbuzi wa chanjo. Mimi nimefuata utaratibu wa kwetu wa kuwapa watoto majina. Kwanza upande wa baba: kithaka, babu yetu. Huyo ni lango, hakuna kitu kinapita bila kumwona. Kisha mukami, nyanya. Anahudumia kurasa za wavuti, maana kwake hakuna mgeni aliyetoka bila kula. Halafu upande wa mama: kathure, nyanya yangu wa Kangeta, kule Meru. Alifunga miraa sokoni miaka arobaini na hakumsahau mtu hata mmoja, mpaka alipotuacha Januari. Yeye anatunza nakala za kila kitu. Babu wa Kangeta atangoja — RAM ya laptop imeisha.

Kithaka ana jina la babu kwa sababu ni kifungua mimba. Mimi nina la nyanya wa Kangeta kwa sababu ni msichana wa pili kwetu. Lakini shuleni hakuna anayelijua ila Kithaka. Shuleni mimi ni Gladwell tu.

Kithaka alichungulia akacheka. Akasema nimefufua wazee wote, sasa nitawapikia nini?

Jumatatu, 26 Mei 2025

Mwalimu Riungu wa kompyuta ametangaza. Chuo kimoja mjini Embu kitachukua mwanafunzi mmoja kutoka shule yetu likizo ya Agosti. Wiki tatu. Seva za kweli! Anayetaka aandike kurasa mbili kuhusu kazi aliyofanya mwenyewe, na mgeni kutoka chuoni atakuja kuiona hiyo kazi kabla ya kukubali.

Nimeandika kurasa tano. Nimepunguza hadi mbili. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Alhamisi, 29 Mei 2025

Nimefika mlango wa staffroom mara tatu na bahasha. Mara ya tatu mwalimu mmoja aliniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo.

Kithaka akaniokoa. Akasema nimpe, atapeleka yeye, yeye na Mwalimu Riungu ni watu wa voliboli. Nimemnunulia mandazi mawili. Alikula yote mawili.

Jumatano, 4 Juni 2025

Jina la aliyechaguliwa liko kwenye ubao wa matangazo. Kithaka Njeru. Na chini yake: "Mashine pepe tatu na huduma zake."

Nilidhani wamekosea. Nilisoma tena. Halafu nikaenda kumtafuta uwanjani, mimi, mbele ya timu nzima.

Hakukana hata. Alinivuta kando akasema amezinakili kurasa zangu na kuweka jina lake kwa sababu mgeni akija lazima mtu aongee. "Wewe ungesimama pale ungesema nini, Kathure? Ungelia." Kisha akasema laptop ni yao. Kisha, kama mtu anayemaliza hesabu — si hata mashine moja inaitwa Kithaka?

Bahasha yangu iko wapi, nikauliza. Akasema hajui.

Ninachoona ni yale mandazi.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Nimemwambia Mama. Alikuwa anamenya ndizi. Aliuliza kama kweli kuna mashine yenye jina la mamake. Nikasema ndiyo. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha.

Halafu akasema kwa Kimeru, polepole, nimwachie Kithaka. Shamba tunalolima ni la Baba Mkubwa. Hataki maneno kati ya nyumba hizi mbili. Likizo nyingine zitakuja.

Hata yeye.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Sikuenda. Kemia ajifundishe.

Jumanne, 10 Juni 2025

Kithaka ameleta laptop maabara ya kompyuta kufanya mazoezi. Nilipita nyuma yake. Kwenye orodha, wazee wangu hawapo. Ni seva-1, seva-2, seva-3. Mtu akishapewa jina na ukoo, nani anambadilisha hivyo, kwa kubofya?

Lakini amebadilisha kibandiko cha nje tu. Kila mashine ina jina lake ndani, na hilo halibadiliki mpaka uingie na kuliandika upya. Hajui. Na ya tatu hawezi kuingia. Nywila za hizo mbili alizijua tukifanya pamoja. Ya kathure sikumpa mtu.

Ningeweza kumwambia. Sikumwambia.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Naandika nikiwa maabara, kiti cha nyuma kabisa. Mapumziko ya chai.

Mgeni anaitwa Madam Karwirwa. Sauti ya chini, viatu vya mpira. Kithaka aliongea vizuri — lazima niseme. Sentensi zangu zote, na mikono yake. Kisha Madam akamwambia afungue hiyo seva-3 amwonyeshe nakala.

Skrini nyeusi. Na maandishi meupe: kathure login.

Madam akauliza huyu Kathure ni nani. Kithaka akatabasamu. Akasema, "Ni nyanya yangu, Madam. Nilimpenda sana."

Hakumjua! Hakuwahi kufika Kangeta hata siku moja. Siku ya mazishi alikuwa na mechi.

Madam alimwangalia. Akasema kwao Meru Kathure ni wengi, lakini huku Embu hajasikia sana. Nyanya alitoka wapi? Kithaka akasema Kangeta. Haraka, kama jibu la mtihani alilolipata kwangu. Kisha akajaribu nywila. Ikakataa. Mara tatu. Akasema ni wasiwasi tu. Madam akasema anywe chai, wataendelea.

Sasa karatasi ya mahudhurio inapitishwa. Majina yote mawili na la baba, amesema Mwalimu Riungu, Madam ataondoka nayo. Iko safu ya mbele yangu.

Kithaka amekuja na kikombe. Ameniletea chai, sukari mbili ninavyopenda. Ameinama kama anaokota kitu. "Nipe nywila. Na hapo andika Gladwell Njue, basi. Tafadhali, Kathure."

Hajawahi kuniambia tafadhali.

Madam ameketi mezani. Anaangalia ile skrini.

Karatasi imenifikia. Kalamu ninayo hii moja, kwa hiyo naandika huku, naandika kule. Nimeshaandika Gladwell. Kithaka bado amesimama kando yangu. Pale mbele skrini inangoja, na nafasi baada ya Gladwell inangoja pia. Naipeleka kalamu kule: Kathure.