Mvua Moja Katika Salamu Tatu

Maskati

Mdogo wangu Shabani,

Hujambo wewe na mkeo? Mimi mzima. Shikamoo yako ya juzi nimeisikia, marahaba sitoi. Nakujulia hali kwa kuwa mama alitulea tusalimie kwanza, hata tukienda kugombana.

Ulipotaka studio chumbani kwako hapo Mkuza, nilimuuliza muuzaji wa hili duka la vyombo vya muziki ninalofagia. Nikakwambia: nyumba ya bati, majirani ukuta kwa ukuta, chukua dainamiki, maiki ya kushika mkononi, inasikia mdomo ulio mbele yake basi. Na priampu ya kukuza sauti, hata ya mtumba, ilimradi haivumi. Ukanicheka. "Dada, hizo za mnadani! Mimi nataka kondensa, inanasa mpaka pumzi." Nikakutumia hiyo kondensa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ikanasa kweli. Salamu ya kwanza ya mama uliyomrekodi ukanitumia, ananiuliza kama nakula, nyuma jirani anaita, "Mama Sada, anua nguo, mvua hiyo!" Mwezi uliofuata mama ananiombea dua, nyuma mvua inapiga bati, Mama Sada anafoka shuka lake limelowa. Mwezi wa tatu mama anasema amenikumbuka. Nyuma matone, na Mama Sada bado analia na shuka lile lile. Mvua moja, Shabani, kwa miezi mitatu.

Nikampigia mama mdogo kule Msimbu. "Mwanangu, mbona arobaini tulishasoma? Shabani alituambia unajua, umenyimwa ruhusa tu."

Ulimkalisha mama mgonjwa siku moja, ukamrekodi salamu za miezi yote, ili nisivunje mkataba nikarudi, ukakosa vifaa ninavyokutumia. Na mimi nilikuwa namjibu. Nilimwahidi doti ya khanga, ukasikiliza wewe, ukaniandikia "mama amefurahi sana." Huna haya hata kidogo.

Najua zimebaki salamu nyingine. Nitumie zote leo.

Msalimie mkeo, aliyepika matangani akanyamaza. Mama mdogo mwambie sikuwa na habari, asinihesabu mtoto aliyeshindwa hata kupiga simu. Mama Sada mpe asante, ndiye pekee hapo aliyeniambia ukweli.

Ungekubali maiki niliyokuchagulia, mpaka leo ningekuwa na mama.

Dada yako,
Zuhura